Jalada la Kioo

Mtu hukwisha lini? Nauliza kwa hasira, na atakayenijibu kwa sauti ya upole nitamfukuza. Si pale anapokata roho, maana nimewaona waliokata roho wakaendelea kuitwa, kusomewa na kugombewa. Si pale anapokosa chakula, maana mwenye njaa bado ana jina, na akiitwa anaitika. Katika mji huu mtu hukwisha pale karani mmoja mwenye kikohozi, tumbo limejaa chai iliyopoa, anapogonga muhuri juu ya karatasi na kuandika pembeni kwamba huyu ni mufilisi. Siku hiyo vitu vyake vinabebwa, na jina lake linabebwa pamoja navyo. Jina linatiwa ndani ya jalada, jalada linafungwa kamba, na kuanzia saa hiyo hakuna ulimi unaoweza kulitamka. Mkewe akitaka kumwita anabaki mdomo wazi. Majirani wanamwita Fulani. Nasi tunaishi hivyo, tunakula, tunalala, tunajisifu kwamba sisi ni watu wastaarabu.

Baba yangu alikuwa Fulani kwa miaka thelathini na mitatu.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, ambayo huenda ilikuwa Jumanne na huenda ilikuwa siku zote kwa pamoja, nilisimama katika nyumba ya maiti mbele ya mzee aliyelala chali na kidevu chake kimefungwa kitambaa. Jirani wa zamani wa mama yangu ndiye aliyeniletea habari. Aliniambia, yule Fulani wa tanurini amekufa, ni baba yako, usije ukasema hukuambiwa. Nikamtazama yule mzee. Nilitafuta ndani yangu huzuni, nikakuta pamefagiwa. Mlinzi wa maiti, Bwana Lugendo, alikuwa ameegemea mlango anamenya chungwa, na maganda anayaangusha papo hapo miguuni pake.

"Huyu hana jina, mwalimu," akasema. Mimi nafundisha hesabu, na kila asiyenijua huniita mwalimu kwa sababu ya chaki iliyokaa kwenye mikono ya shati. "Alasiri tunamtia shimo la akina Fulani. Leo wapo watano. Wanalazwa mmoja juu ya mwenzake, udongo unafuata, kwisha kazi."

"Na akiwa na jina?"

"Akiwa na jina anachimbiwa lake. Lakini jina liko mahakamani. Niletee hati ya kufunguliwa, ile inayosema ufilisi umeondolewa na jina limerudi kwa mwenyewe. Ukija nayo kabla ya alasiri, vizuri. Ukichelewa, mimi sina ugomvi na wewe wala na yeye." Akatia kipande cha chungwa mdomoni. "Kwani wewe ni nani wake?"

"Mtoto wake," nikasema, neno ambalo sikuwahi kulitumia tangu nilipokuwa na miaka tisa.

"Umeandikwa?"

"Nimeandikwa wapi?"

Bwana Lugendo alicheka na mbegu za chungwa zikamtoka. Akarudi kwenye chungwa lake. Watu wa aina yake wanaona raha kujua jambo moja tu ambalo wewe hulijui, na wanalishikilia hilo moja maisha yao yote.

Niseme wazi, ili asitokee mtu wa kunisingizia moyo mwema. Sikumpenda yule mzee. Alituhama. Aliweka dhamana kwa ajili ya shemeji yake, shemeji akatoroka, na badala ya kusimama mlangoni kama mwanamume akapigana na madalali, akafunga virago na kwenda kulala kwenye tanuri la chokaa, akawa mlinzi wa mawe yanayoungua. Mtaani walisema zaidi ya hapo. Walisema alikwenda mahakamani, akaapa, akaandika kwa mkono wake kwamba yeye hana mtoto. Niliambiwa hayo na watoto wenzangu wakati tunacheza gololi, na nikaendelea kucheza, na nikawashinda wote siku ile. Mama hakuwahi kumsema vibaya mpaka anakufa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Basi kwa nini nilitoka mbio kutafuta hati? Kwa kiburi. Kumdharau yule mzee ilikuwa haki yangu mimi, niliyoichuma kwa miaka mingi, na sikutaka kumwachia Bwana Lugendo na mikono yake yenye maji ya chungwa.

Nikaenda Mahakama ya Kilimani, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa Kilimani, na mimi kama mpumbavu mwingine yeyote niliamini kwamba kesi ya mtu iko kwenye nyumba yake.

Ni jengo refu lisilo na madirisha upande wa barabara. Ndani, saa ya ukutani hutembea pale tu karani anapokuwa kitini. Akiinuka kwenda msalani, mshale unasimama. Akienda kula, mchana wote unasimama nao, na watu walioko kwenye foleni hawachoki wala hawapumziki, wanabaki hivyo hivyo na miayo nusu. Lakini nje jua halina habari na saa ya mahakama. Linakwenda zake. Nimewahi kusikia juu ya bi harusi aliyeingia pale asubuhi kuuliza swali dogo, akatoka na mvi, na bwana harusi akawa amekwisha kuoa mara mbili.

Karani wa dirisha la kwanza alikuwa Bwana Mkondya, mtu mwenye shingo fupi na kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama.

"Natafuta jalada la mufilisi wa miaka thelathini na mitatu iliyopita. Nyumba ya nne kutoka kisimani."

"Nyumba hatuisikilizi," akasema. "Alikuwa analala wapi?"

"Nimekwambia. Nyumba ya nne kutoka—"

"Wewe umeniambia nyumba yake ilikuwa wapi. Mimi nauliza alikuwa analala wapi. Kanuni ya pili, bwana. Mtu hufungua kesi yake katika mahakama ya mahali alipolala sehemu kubwa zaidi ya siku mia na themanini za mwisho. Hata awe na majumba kumi hapa Kilimani, kama alikuwa analala kwenye banda la kuku kule bondeni, basi yeye ni mtu wa bondeni na kuku wake."

"Kanuni hii imeandikwa wapi?"

"Ukutani, nyuma yako."

Nikageuka. Kweli ilikuwa ukutani, maandishi madogo, nyuma ya kabati, kiasi kwamba ili uisome ilibidi uwe mwembamba au uwe umekata tamaa. Nami nikajibana pale, shavu kwenye vumbi, nikasoma tangu kanuni ya kwanza hadi ya kumi na sita, zilizobaki zimefunikwa na kabati, huku Bwana Mkondya akiwaeleza wenzake kwa sauti kwamba walimu ndio wagumu kuelewa kuliko wauza mitumba. Nilisoma kwamba kufungua jalada na kulisoma ni ruhusa kwa mtu yeyote, hata adui. Nilisoma kwamba kitanda cha mufilisi hakichukuliwi, wala nguo aliyoivaa, wala chombo anachofanyia kazi. Nilisoma kwamba jalada haliwezi kufungwa kama hakuna kitu hata kimoja kilichochukuliwa. Nilisoma kwamba baada ya miaka saba ufilisi huiva na hati ya kufunguliwa huandikwa, ila haipelekwi kwa mtu. Inakaa humo humo ndani mpaka ije kuombwa. Hapo nilisimama kidogo. Ina maana jina la yule mzee limekuwa huru kwa miaka ishirini na sita, limekaa ndani ya karatasi linasubiri, naye anaitwa Fulani sokoni. Ujinga wake ukanichoma upya. Hata kuomba alichopewa hakuweza.

(Nani aliyewapa mamlaka? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimebanwa na kabati. Nani alisimama siku ya kwanza akasema, mimi nitakuwa ninawahesabia watu vitu vyao, na watakapofika sifuri nitawaambia kwamba wao wenyewe ni sifuri? Na waliomsikiliza walikuwa wangapi? Na kwa nini hakutokea hata mmoja wa kumzaba kofi? Mimi nafundisha sifuri kila siku darasani. Ni namba ya heshima kuliko hawa.)

"Sasa jua linapita," Bwana Mkondya akasema nilipotoka pale nyuma. "Alilala tanurini? Basi nenda Mahakama ya Tanurini. Na huko usitaje nyumba ya nne kutoka kisimani, utachekwa."

Kutoka Kilimani hadi Tanurini ni mwendo wa barabara moja, lakini barabara hiyo hubadilika kulingana na unayemfuata. Mimi nilikuwa namfuata mtu aliyeondoka na mzigo, kwa hiyo ikawa ndefu na mabega yakaniuma ingawa sikubeba kitu. Watu wawili walinipungia mkono na kuniuliza kama nimerudi. Mwanamke mmoja anayekaanga mihogo aliniambia nisisahau kulipia ya jana. Sikuwahi kupita huko maisha yangu yote. Niliwajibu kwa kichwa tu, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imepangwa kwa ajili ya watu wengine na sikutaka kuipunguza njiani.

Mahakama ya Tanurini imejengwa kwa mabaki ya chokaa, na chokaa bado inadondoka. Kila aliyekaa humo ni mweupe nyusi na mweupe mabega. Masjala yake ni chumba kimoja kirefu chenye rafu mpaka darini, na kwenye rafu zimebandikwa karatasi zenye majina ya vitu: Baiskeli, Birika, Debe, Kabati, Kapeti, na kuendelea. Nyuma ya meza ameketi Bi Salme, mama wa makamo anayekaribia uzee, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea, kikombe cha kahawa mbele yake kimefunikwa kwa muhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Taja kitu."

"Sikukuelewa."

"Kitu cha mwisho alichochukuliwa. Sisi hapa hatutafuti kwa jina. Jina limefungiwa ndani, ulimi hauliwezi, utalitafutaje? Kwa hiyo jalada linakaa chini ya kitu cha mwisho kilichobebwa na dalali. Taja kitu, nitalitoa. Usipokijua, kaa kwenye benchi mpaka ukijue."

Niliona upumbavu wa watu wale ulivyo mkubwa, nikakaribia kuuheshimu. Wamefunga ufunguo ndani ya sanduku, kisha wakabuni utaratibu wa kutafuta sanduku kwa kukumbuka harufu yake, na utaratibu huo wameuzoea, wanaufanyia kazi kwa bidii, wanauita masjala. Nilisema, "Cherehani." Mama yangu alikuwa na cherehani na ndicho kitu cha thamani nilichokijua. Bi Salme hakuinuka hata kidogo.

"Cherehani ni chombo cha kazi. Hakichukuliwi."

"Kitanda."

"Hakichukuliwi vilevile. Kanuni hujazisoma?"

"Nimezisoma."

"Basi umezisoma kama watu wanavyosoma. Benchi lile pale, baba. Mimi nafunga alasiri."

Benchi la masjala ya Tanurini lina tabia moja ambayo hakuna aliyenionya juu yake. Ukikaa, unakuwa na umri uliokuwa nao siku kitu kilipoondoka. Niliketi nikiwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenye maoni kuhusu kila jambo, na miguu yangu haikufika chini. Magoti yalikuwa na vidonda vya kuanguka. Mzee mmoja mweupe wa chokaa aliyekaa kando yangu, ambaye naye alikuwa amevaa kaptura ya shule na anabembeza miguu, akanipa kipande cha muwa. Nikala. Sikuwa na dharau yoyote kwa dakika hizo, na naona haya kulieleza hilo kuliko mengine yote.

Nikaona tena mlango wa nyumba yetu, asubuhi, tarehe mbili ya mwezi wa kwanza. Baba anatoka. Hakubeba cherehani, hakubeba sufuria, hakubeba redio. Amejifunga mgongoni kile kioo kikubwa cha chumbani, chenye fremu ya mbao na ufa pembeni, kitu cha kipuuzi kuliko vyote vilivyokuwamo. Mama amesimama amekunja mikono. Wala hamzuii. Baba anateremka ngazi, kioo kimenielekea mimi, na ndani ya kioo namwona mtoto wa miaka tisa amesimama mlangoni, anakuwa mdogo, anakuwa mdogo zaidi, kisha baba anakunja kona na mtoto haonekani. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia. Niliona mwanamume anaikimbia nyumba yake na kitu pekee anachokithamini ni cha kujitazamia sura.

Niliruka kutoka kwenye benchi. Miguu ikagusa sakafu, ndevu zikarudi.

"Kioo," nikamwambia Bi Salme.

Aliinuka, akaenda mpaka rafu ya katikati, akapuliza vumbi, akarudi na jalada jembamba kuliko yote niliyoyaona. Akaliweka mezani upande wake, akafungua kamba, na mimi nikasoma kichwa chini, kama tunavyosoma sisi tuliozoea kusahihisha madaftari ya walioketi mbele yetu. Jalada lilifunguliwa tarehe tatu Aprili. Vitu vilivyokutwa kwa mufilisi: mkeka, shuka, kioo. Mkeka na shuka haviguswi. Kilichochukuliwa: kioo, na kwa kuchukuliwa kwake jalada limefungwa.

Tarehe mbili ya mwezi wa kwanza mpaka tarehe tatu Aprili. Mimi nafundisha hesabu. Januari alilala mara thelathini, Februari ya mwaka ule mara ishirini na nane, Machi thelathini na moja, na Aprili mara mbili. Jumla tisini na moja. Katika siku mia na themanini, sehemu kubwa zaidi inaanzia tisini na moja. Yule mtu alihesabu. Alilala kwenye mawe ya moto kiasi kile kile kilichotakiwa na kanuni ya pili, wala hakuzidisha siku moja, ili kesi yake iwe ya Tanurini na wala isiwe ya Kilimani, ili dalali atakapokuja aje tanurini kwake, asikanyage ngazi zetu. Na kwa sababu jalada halifungwi bila kitu kuchukuliwa, alikwenda na kitu kisichokuwa na faida kwa mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Nilikulia kwenye viti vyetu, kando ya redio yetu. Mama alipikia sufuria zetu mpaka siku ya kufa kwake. Nimekula miaka thelathini kwenye sahani zile zile na sikuwahi kujiuliza kwa nini zimebaki.

Nikashika ukingo wa meza. Nilitaka kumdharau mtu, yeyote aliyekuwa karibu, na sikumpata.

"Hati ya kufunguliwa ipo," Bi Salme akasema. "Iliiva zamani. Unaihitaji wewe?"

"Naihitaji kabla ya alasiri."

"Hati huchukuliwa na mufilisi mwenyewe."

"Amekufa."

"Akifa, huchukuliwa na mtoto aliyeandikwa." Akafunua ukurasa wa pili, akaweka kidole. Nilikuwa najua kitakachokuwepo, na bado kilinipiga. Kwa mwandiko ulionyooka: *Watoto: Hana.*

Kwa hiyo ni kweli. Wale watoto wa gololi hawakunidanganya. Nilisimama pale na hasira ile ile ya tangu nikiwa na miaka tisa, haijapungua hata kidogo. Angeweza kuhesabu anavyotaka. Angeweza kulala kwenye mawe mara elfu. Lakini alishika kalamu na akaandika neno lile, herufi nne, na herufi hizo zilikuwa mimi.

"Unajua kanuni ya kumi na saba?" Bi Salme akauliza. Hakuinua macho. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma bei. "Nadhani iko nyuma ya kabati kule Kilimani, watu hawaifikii. Mtoto aliyeandikwa katika jalada anachukua nusu ya ufilisi wa mzazi wake. Jina lake linafungiwa pamoja na la mzazi. Asiyeandikwa hachukui kitu. Naisoma tu. Hatukuruhusiwa kuieleza."

 Chokaa ilidondoka juu ya jalada, akaifuta kwa kiganja.

Mimi nina jina. Nimekuwa na jina siku zote. Wanafunzi wangu wanalitaja kwa woga, nimeliandika ubaoni, nimeoa kwa jina hilo, na leo asubuhi mtu aliniita nikaitika. Nilidhani nimepewa na mama. Nilijivunia kwamba ni la mama.

"Bi Salme," nikasema. "Sikiliza. Mimi ndiye—"

"Nyamaza." Hili alilisema haraka, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Ukisema neno hilo mbele yangu nitalazimika kuliandika. Nikiliandika, fomu hii itakuwa ya uongo. Fomu ikiwa ya uongo, alichokiapa ni uongo, na kanuni ya kumi na nane inasema kufunguliwa kwake kunafutwa kana kwamba hakukuwapo. Atarudi kuwa Fulani, na ataingia shimoni akiwa Fulani. Umenielewa, baba? Usinijibu. Tikisa kichwa."

Nikatikisa kichwa.

"Kuna njia ya tatu. Hati inaweza kuchukuliwa na mtu baki. Mpita njia. Mtu mwenye huruma na maiti asiyemhusu. Anaapa, anatia sahihi, anakwenda. Wengi hawaitumii, kwa sababu ndugu hawawezi kuapa kiapo hicho na watu baki hawana muda." Akavuta karatasi nyingine. "Wewe ni mtu baki?"

Nilifikiri juu ya mambo mengi kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimengoja miaka thelathini na mitatu mtu wa serikali, mwenye muhuri, aniulize kama mimi ni mtoto wa baba yangu, ili nimtemee jibu. Sasa nilitaka kusema ndiyo. Sijawahi kutaka jambo kama nilivyotaka lile. Nilitaka kupiga kelele mpaka rafu zianguke, kwamba mimi ni mwanawe, mwanawe wa kumzaa, niliyelishwa na kuvishwa na ujanja wake, na nyinyi nyote humu ni mavumbi. Nje jua lilikuwa limeanza kuingia kwa upande wa mlango. Bwana Lugendo alikuwa anawahesabu watano wake.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni mtu baki."

Bi Salme akageuza ukurasa wa mwisho wa jalada, ambako hubandikwa picha. Humo baba alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, aliyepigwa picha akiwa na chokaa kwenye nyusi. Bi Salme akaitazama picha. Akanitazama mimi, nyusi zangu nyeupe kwa vumbi la mahakama yake, kisha akairudia picha.  Mzee wa kaptura kwenye benchi akainuka nusu ili aone, akasema taratibu, "Haa, si huyu huyu," na Bi Salme akamwambia akae chini, zamu yake bado.

Halafu akaweka kiganja chake juu ya picha, akaifunika yote, mpaka kwenye vidole.

"Nauliza kwa kiapo," akasema. "Unamjua mtu huyu?"

Niliufungua mdomo ili niseme uongo. Nilikuwa nimejiandaa, nimekaza taya, kama mtu anayemeza dawa chungu. Nikatafuta chochote kimoja ninachokijua juu yake ili nikikane vizuri. Alipenda chakula gani? Alikuwa anaimba? Alipokuwa analala kwenye mawe yale alilalia ubavu upi? Aliwahi kuja siku yoyote akasimama nje ya shule yangu, akasikiliza watoto wakisoma hesabu, akaondoka? Sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa na kioo mgongoni mwa mtu, na dharau yangu, basi.

"Simjui," nikasema, na nikagundua kwamba sikudanganya.

"Una undugu naye?"

"Sina."

"Kuna unachokitarajia kutoka kwake?"

 Nikatikisa kichwa, naye akasema kutikisa kichwa hakuandikwi, nikasema hapana.

Akagonga muhuri mara mbili. Akanisukumia karatasi, akanionyesha mahali pa mtu baki pa kutia sahihi, nami nikaandika jina langu lote, taratibu, kwa mwandiko ulionyooka. Kisha akainua hati ya kufunguliwa karibu na miwani yake ya uzi, maana kanuni ya kumi na tisa inataka jina lisomwe kwa sauti mbele ya anayelipokea.

"Farjala Mwinyigogo," akasoma. "Ni sawa hivyo?"

Sikuwa na pa kulinganishia. Nilimwambia kama karatasi inasema hivyo, basi ni sawa. Nikaikunja, nikaitia ndani ya shati, nikatoka mbio, kwa sababu wachimba kaburi huwangojea ndugu wa marehemu, na mimi hakuna ambaye angeningojea.